Fumbwe Hajengi

Juzi nilimsikia mmoja wenu, nyinyi vijana mnaotembea na darubini shingoni hapa Bunda, akimwambia mgeni kwamba fumbwe ni ndege mvivu kwa sababu hajengi kiota. Mgeni akacheka, akaandika. Mimi nilikuwa napita na kapu langu la mboga za kuuza kutoka Butiama, nikaacha mambo ya watu. Lakini mlipokuja baadaye kuniomba niwaeleze kazi niliyoifanya miaka ile, nikaona nianzie hapo hapo. Fumbwe si mvivu. Jaribuni nyinyi kulelewa watoto wenu wote na majirani, tena bila jirani hata mmoja kununa, halafu mje mniambie kama hiyo ni kazi ya mvivu.

Mimi nilikuwa mlezi wa ndege. Si kuku, ndege wa porini. Nilizaliwa Murangi, nikaolewa Butiama, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwanda cha nguo Musoma, nikipanga chumba Kamunyonge. Wakati wa ukata kiwanda kilikuwa kinakosa pamba, kikipata pamba kinakosa umeme, kikipata umeme kinakosa vipuri. Tulikuwa tunaripoti asubuhi, tunakaa kwenye benchi tunasukana nywele, tunasaini kutoka. Sabuni tulikuwa tunaisikia kama watu wanavyosikia habari za ndugu aliyeko ng'ambo. Mwishowe tukapunguzwa, na mume wangu Wambura akafariki mwaka huo huo, akaniacha na shamba zuri na nyumba isiyo na mtoto.

Basi ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, kulikuwa na mwenye duka akiitwa Mafuru. Miaka ya msako wa walanguzi duka lake lilikuwa na rafu tupu kwa mbele na mali tele kwa nyuma, naye alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano. Ruksa ilipoingia aliinua kichwa, tukagundua kumbe ni mrefu. Kila mtu wakati huo alikuwa anatafuta kitu cha kuuza nje. Wenzake walikimbilia sangara, yeye akasikia kwamba Wazungu wananunua videge vya rangi rangi, akapata kibali, akajenga banda Bunda, karibu na majani wanakotegwa. Alihitaji watu wenye subira na mikono midogo. Mimi subira nilikuwa nimeisomea kiwandani.

Sasa fumbwe dume mnamjua. Mwili wake ni kidole gumba, mkia wake ni mrefu kuliko mwili mara mbili na zaidi, mdomo mwekundu, na kiburi kisichoelezeka. Mteja wa kwanza aliona picha, akaagiza madume wenye mikia. Mafuru akakubali, akapokea agizo, akakusanya polepole, na mzigo ukaondoka wakati wa kiangazi. Baada ya muda mteja akalalamika kwa simu ya posta, ile ya kupiga kelele mpaka mtaa wa pili wanasikia: ametumiwa shomoro! Mafuru alikuja Bunda siku hiyo hiyo na akatupanga mstari. Alimshuku mlinzi wetu, Chacha, kwamba amewanyofoa mikia akauza pembeni.

"Bosi," Chacha akasema, "mimi mikia ya ndege nifanyie nini? Nichemshe?"

"Sijui! Watu wa hapa mnaibaga mpaka misumari!"

"Misumari inapigiliwaga, bosi. Mkia unapigiliwaga wapi?"

Kumbe dume wa fumbwe mvua zikiisha huvua lile koti lote, mkia na weusi na weupe, anabaki kahawia kama jike. Hakuna aliyeiba. Kinachobaki ni mdomo mwekundu. Kwa hiyo nyinyi mkiwa na mgeni kiangazi, akawauliza fumbwe yuko wapi, msitafute mkia. Tazameni kwenye kundi la videge vya kahawia, mtafuteni mwenye mdomo mwekundu anayewafukuza wenzake kwenye chakula kana kwamba bado amevaa. Mimi nimewaona watu wa namna hiyo pia, waliopunguzwa kazi lakini bado wanaagiza chai kwa sauti.

Baadaye mteja akaja na masharti mapya. Ndege wa kutegwa walikuwa wanamfia njiani, sasa anataka fumbwe waliozaliwa bandani. Akiwapata atanunua kila msimu, asipowapata basi. Mafuru akatuambia wazi kwamba bila hao banda linafungwa, yeye anahamia kwenye sangara. Alitengeneza tundu zuri kuliko nyumba yangu, akaweka fumbwe dume na majike yake, akawawekea majani makavu, pamba, vikapu vidogo vya kutagia, hata sanduku la kiatu. Dume alicheza hewani juu ya majike kutwa. Majike yalikula. Hakuna aliyeokota hata unyasi mmoja. Tukawabadilishia majani. Tukawabadilishia dume. Mafuru alikuwa anasimama mbele ya tundu na kuwahimiza kama mjumbe anayehimiza watu waende kwenye kazi za maendeleo.

Siri ya fumbwe hatukuipata kwa akili, tuliipata kwa kukosa waya. Wavu wa tundu kubwa ulioza, mjini hakukuwa na wavu mwingine, ikabidi tuwachanganye fumbwe na mishigi. Mshigi ni kile kidege kidogo chenye mstari mwekundu machoni, mnachokiita kidege cha majani. Hana makuu, ila anajua kujenga: kiota cha mviringo chini kwenye majani, kina mlango wa pembeni, na juu yake anaweka kiota kingine cha uongo ili adui apoteze muda. Tena akiokota mavi makavu ya mnyama anayekula nyama anayaweka hapo hapo, nadhani kwa harufu. Chacha alikuwa anawaletea ya mbwa wake. Wageni wakiuliza mlinzi anafanya kazi gani nyingine, hatukujibu.

Basi siku moja nachungulia kiota cha mshigi nakuta makinda, na mmoja wao ni mkubwa kidogo kuliko wenzake. Mayai ya fumbwe ni meupe kama ya mshigi, ukubwa tu umezidi kidogo sana. Ukimfungua kinda mdomo, ndani kuna madoa meusi kama yameandikwa kwa kalamu, na madoa ya kinda la fumbwe yanafanana na ya watoto wenye nyumba. Mama mshigi akiona yale madoa yamefunguka gizani ndani ya kiota, anatia chakula. Hamuulizi mtu ukoo wake.

Hapa msichanganye, maana nimewasikia mkichanganya. Kekeo naye hatagi kwake, anataga kwa mnana, yule msusi wa viota, kule kwenye matete ya ziwa. Lakini kinda la kekeo likianguliwa tu, bado halina macho, linawasukuma wenye nyumba nje kwa mgongo. Mlembe, yule anayewaonyesha watu asali, mtoto wake anazaliwa na ndoana mdomoni na anawaua wenzake humo gizani. Fumbwe hana ukatili huo. Anakaa na watoto wa nyumba, anakula nao, anakua nao. Ni mgeni mwenye adabu, kasoro yake ni kwamba haondoki mpaka aote manyoya.

Mafuru alipoona yale makinda nusura aimbe. Kisha akakaa akapiga mahesabu ya kibiashara. Akasema hawa watoto wa mshigi hawana soko, wanakula bure chakula cha fumbwe, wapunguzwe. Miaka hiyo neno kupunguza lilikuwa kila mahali, serikalini, viwandani, hata padri alikuwa amelichukua kwenye mahubiri. Nilimwambia bosi, subiri. Hakusubiri. Wakatolewa. Na mishigi, walipobaki na mdomo mmoja tu unaoomba kiotani, wakaanza kulegea. Walikuja mara chache, wakakaa nje wanajinyoosha mabawa, kama sisi kwenye benchi la kiwandani. Makinda ya fumbwe yakaanza kupoa.

Ndipo nilipojifunza kulisha kwa mkono. Nilichukua bomba la sindano, nikalivisha kile kimpira cha valvu ya baiskeli, ndiyo ilikuwa mashine yangu. Chakula ni mbegu za majani ambazo hazijakomaa, zile zikibanwa zinatoa maziwa, nazisaga na kiini cha yai na mayai ya mchwa. Makinda haya hayainui shingo kama ya kuku. Yanalaza kichwa ubavuni, yanageuza mdomo juu, yanayumbisha ulimi. Ukimlisha kutoka juu unamkaba. Unashuka chini, unamlisha kutoka pembeni, kidogo, unangoja ameze. Nilikaba kadhaa kabla ya kuelewa. Walionusurika waliota manyoya, mteja akawachukua, banda likabaki wazi. Mafuru akanunua pikapu.

Sasa niwaeleze jambo la nyumbani, kwa sababu kazi hii iliingia nyumbani kwangu.

Nimesema mume aliniacha na shamba na sikuwa na mtoto. Shemeji yangu, Mzee Marwa, alianza kulitembelea shamba lile mara kwa mara, anasimama, anashika kiuno, anapima kwa macho. Kwa mila yetu mwanamke wa hivyo ana njia. Anaoa. Anatoa ng'ombe, anamleta binti nyumbani, binti anazaa, na watoto ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la marehemu. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Yule anayetia mimba hana jina wala dai, ng'ombe wameshasema. Kanisani walijua, na waliangalia dari. Mimi nikauza vyote nilivyokuwa navyo nikamwoa Bhoke, binti wa watu, mchapakazi, ananiita mama.

Msimu mmoja wa mvua Bhoke alikuja kukaa nami Bunda kunisaidia kukusanya mbegu na mchwa. Alirudi Butiama na mimba. Sikumuuliza, kwa mila haiulizwi. Akazaa mtoto wa kiume, tukamwita Wambura, na Mzee Marwa akaacha kushika kiuno. Mtoto alipofika umri wa kukaa, masikio yake yakajibu swali ambalo sikuuliza. Yalikuwa masikio ya Mafuru, yamesimama kama vishikio vya sufuria.

Mafuru alikuwa na mabinti watupu. Biashara imekua, pikapu imekuwa lori, na mtu akipata mali anaanza kutafuta wa kuirithi. Mtoto alikuwa anaongea tayari siku bosi wangu alipotua Butiama Jumapili, baada ya misa, na wazee wawili wa kwao, sukari, shuka, na Chacha mlinzi akiwa amebeba mzigo. Alikuja kumtaka Wambura. Mkiona kwamba hiki ni kisa cha mtoto tu, kumbukeni: mtoto akiondoka, nyumba imekufa, na shamba ni la Mzee Marwa. Na Mzee Marwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza. Aliwakaribisha wageni kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona siku za misiba yetu.

Tulikaa uani, karibu na zizi. Mafuru alisimama, akavua kofia.

"Wazee wangu, sikuja na ugomvi. Huyu mama nimefanya naye kazi, ni mwalimu wangu. Yeye mwenyewe ndiye alinifundisha. Kinda la fumbwe, hata mshigi alilishe mpaka lishibe, likikua ni fumbwe. Halijawahi kuwa mshigi. Si ndivyo ulikuwaga unaniambia, Nyanjura?"

"Ndivyo, bosi," nikasema.

Wazee wakaguna. Mzee Marwa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeumizwa na haki.

"Basi damu ni damu," Mafuru akamaliza. "Nawashukuru kwa kulea. Nitatoa ng'ombe wa shukrani. Mtoto nampeleka Musoma, atasoma shule nzuri."

Nilikuwa naogopa, wanangu, naogopa vibaya. Niliwaangalia wale wazee, nikaona wameshaanza kuangalia sukari.

"Naomba niulize swali la kazi," nikasema. "Bosi, tumekaa bandani miaka yote hii. Fumbwe wametaga mbele ya macho yako. Uliwahi kuona hata mmoja anarudi kwenye kiota cha mshigi anadai kinda lake?"

Aliyecheka kwanza ni Chacha, na shuka bado iko begani.

"Hajawahi huyo!" akasema. "Anawekaga yai, anaendaga zake! Hata hageukagi nyuma!"

Wazee wakaangua kicheko, mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Wazee wa Mafuru nao wakacheka, na mwishowe Mafuru mwenyewe, kwa shida, akikuna sikio. Mzee Marwa alijaribu kurudisha mkutano kwenye njia, lakini baraza likishacheka limeshaamua. Mzee mwenzake wa baraza akasema kwamba ng'ombe walitolewa, jina la marehemu liko, mtoto ni wa nyumba. Nikapigiwa vigelegele. Nilijiona mjanja sana siku ile, nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Bhoke alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko na mtoto mapajani. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyemuuliza chochote, hata mimi.

"Wazee, mmemaliza?" akasema. "Naomba na mimi niulize."

"Uliza, mwanetu."

"Nimesikia mtoto ni wa nyumba. Mimi nakubali. Lakini mama anakujaga mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Mtoto akiwa na homa, ni mimi. Akilia, ni mimi. Maleria ile mbaya nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, mama alikuwa Bunda anawalisha ndege za watu kwa sindano. Huyu bwana mmemcheka kwa sababu alitaga akaenda zake." Akanigeukia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa mama, fumbwe hapa ni huyu bwana peke yake?"

Chacha aliishusha shuka chini. Nilitaka kusema kwamba mshahara wa Bunda ndio ulionunua daftari, unga na dawa, na ilikuwa kweli. Nilitaka kusema kwamba nilifanya yote kwa ajili ya nyumba. Nilitazama ile nyumba, nikaona kwamba sijui hata mlango mpya uliwekwa lini.

"Sirudi Bunda," nikasema.

Mafuru akashtuka kuliko alivyoshtuka kunyimwa mtoto. "Na makinda je? Nyanjura, kuna makinda kwenye boksi!"

"Yalete hapa."

Na aliyaleta, wiki ile ile, kwa lori, na matundu yake, kwa sababu wengine wote walikuwa wanayakaba. Nikafanya kazi ya ndege hapo hapo uani Butiama mpaka biashara ile ilipofungwa. Mafuru alikuwa anakuja kukagua ndege mara nyingi kuliko ndege walivyohitaji. Hakudai kitu tena. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anamwangalia mtoto akicheza, anaondoka. Nilimwachia. Fumbwe wa kweli asingefanya hivyo, nami nikamheshimu.

Lakini jioni ile ya Jumapili hayo yote yalikuwa hayajatokea. Wageni walikuwa wameondoka, Bhoke ameivisha ugali na dagaa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba niliyoipigania mchana kutwa. Nilimmegea Wambura tonge dogo, nikachovya mchuzi, nikamnyooshea. Alikataa. Akajificha nyuma ya kanga ya Bhoke, akanichungulia.

"Mama," akamwambia Bhoke kwa sauti ya kunong'ona ambayo mtaa mzima uliisikia, "mgeni atalala hapa?"

Bhoke alinitazama. Alingoja nijibu mwenyewe.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nitalala hapa."

Akachomoza kichwa. "Na kesho?"

"Na kesho."

Akarudi nyuma ya kanga. Tonge nikalila mimi.